Kuchagua Miche ya Beri katika Nchi ya Baridi Kali

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niwaandikie wasomaji wa gazeti letu la shule habari za kilimo cha huku niliko, yaani mji wa Saskatoon, katika jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada. Ningeweza kuandika juu ya ngano, maana hapa ngano ni kama ndizi kwetu Uganda: ukitazama huku ni ngano, ukitazama kule ni ngano. Lakini habari za ngano zimo katika vitabu vya jiografia. Nimeona afadhali niandike juu ya bustani ndogo zilizo nyuma ya nyumba, na hasa juu ya vichaka vinavyozaa beri. Hapo ndipo mtu huona kwa macho jinsi baridi inavyofanya kazi yake, na ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Tena kichaka cha beri huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo aliyechagua vibaya amepoteza miaka pia.

Beri ni vitunda vidogo, laini, vyenye maji mengi. Wasomaji wa Buganda wanazijua enkenene wanazochuma watoto porini wakirudi kutoka shule. Enkenene ni ndugu wa rasiberi. Na waliopita Kabale wameona stroberi zikiuzwa kandokando ya barabara. Kwa hiyo siandiki juu ya jambo geni kabisa.

Kwanza niieleze baridi yenyewe. Usiku wa Januari, kipimajoto kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri si jambo la kustaajabisha hapa, na miaka mingine hufika nyuzi 40. (Wanafunzi wa fizikia wajue kwamba kwa nyuzi 40 chini ya sifuri hakuna haja ya kuuliza kama ni Sentigredi au Farenhaiti. Ni hapo tu vipimo hivyo viwili vinapokutana.) Theluji huanza kuanguka Oktoba au Novemba, na mara nyingi hukaa mpaka Aprili. Muda usio na jalidi ni kiasi cha miezi minne tu. Katika miezi hiyo kichaka hakina budi kukua, kuivisha matunda yake, na tena kujiweka tayari kwa kulala.

Kujiweka tayari ndiko kunakokiokoa. Siku zinapoanza kuwa fupi, mwezi wa Agosti na Septemba, kichaka huacha kurefuka. Majani hugeuka rangi, kisha hupukutika. Ndani ya matawi sukari huongezeka, na baridi inapozidi maji hutoka kidogo kidogo ndani ya seli na kukaa katika nafasi zilizo kati ya seli. Maji yakiganda huko nje, mti huvumilia. Yakiganda ndani ya seli, barafu huipasua seli nayo hufa. Kwa sababu hiyo kichaka kile kile ambacho Januari hustahimili nyuzi 35 chini ya sifuri, mwezi wa Juni, kikiwa na machipukizi mabichi, huunguzwa na nyuzi tatu au nne tu. Na kwa sababu hiyo pia mkulima wa huku huacha kutia mbolea mapema. Kichaka kinachoshibishwa mwezi wa Agosti huendelea kukua kama mtoto asiyetaka kwenda kulala, na jalidi hukikuta kingali macho.

Sasa tuje kwenye duka la miche. Kila mche una kibandiko chenye namba ya kanda. Desturi hii ilienea baada ya Idara ya Kilimo ya Marekani kutoa ramani yake mwaka 1960. Ramani hiyo imetengenezwa upya mara kadhaa, na ya karibuni ni ya 2023. Kanda ya 3, mathalani, ni mahali ambapo usiku wa baridi kuliko yote ya mwaka hufika, kwa wastani, kati ya nyuzi 34 na 40 chini ya sifuri. Kanada ilitoa ramani yake mwaka 1967, nayo ikahesabu na mambo mengine, kama vile theluji, upepo na urefu wa majira yasiyo na jalidi. Saskatoon kwa muda mrefu imehesabiwa katika kanda ya 3.

Namba ile ni msaada, lakini mimi siiamini ikiwa peke yake. Inatuambia habari za usiku mmoja mbaya. Haituambii ni sehemu gani ya mche itakayokufa, wala ni mwezi gani. Mti huu hufa matawi, ule hufa maua, na mwingine hauna shida na baridi hata kidogo bali unauawa na udongo. Mimi kabla ya kutoa fedha huuliza: baridi itaua nini hapa, na lini?

Nitatoa mfano. Mwaka mmoja mama mmoja jirani yangu alinunua miche minne ya bluberi katika duka moja la mjini. Kibandiko kilisema miche hiyo huvumilia baridi. Hakikusema uongo kabisa, ila baridi yenyewe ilikuwa ya nchi nyingine. Bluberi zile zilikuwa za jamii ndefu, zinazopita kimo cha mtu, na asili ya kilimo chake ni New Jersey, karibu na pwani ya Marekani, ambako Elizabeth White na mtaalamu wa mimea Frederick Coville waliuza mavuno yao ya kwanza mwaka 1916. Aprili theluji ilipoyeyuka, tulikwenda kuitazama miche. Nilikwaruza gome kwa ukucha. Kutoka kwenye ncha hadi usawa wa magoti gome lilikuwa rangi ya kahawia mpaka ndani, yaani limekufa. Chini ya hapo lilikuwa kijani kibichi. Mpaka ulikuwa dhahiri kama uliopigwa kwa rula, nao ulikuwa ndio kimo cha theluji ya mwaka ule.

Jambo hili liliwashangaza wageni wengi kabla yangu. Tulifikiri theluji ndiyo baridi yenyewe. Kumbe theluji iliyolala bila kukanyagwa imejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, kwa hiyo ni kama blanketi la sufi. Juu yake upepo una nyuzi 35 chini ya sifuri, na chini yake, ikiwa na unene wa sentimeta 30 au zaidi, udongo huwa na nyuzi chache tu. Wakulima wa Saskatchewan wanalijua sana neno hili. Hupanda safu za miti kuuzuia upepo ili theluji irundikane mahali wanapotaka, na kitalu cha serikali cha Indian Head kiliwagawia miche ya miti hiyo kwa zaidi ya miaka mia, hadi mwaka 2013.

Basi bluberi ya kuchaguliwa hapa ni ile fupi. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota wataalamu walizichanganya bluberi ndefu na zile fupi za porini zinazotambaa karibu na ardhi, na mwaka 1983 wakatoa aina mbili, Northblue na Northsky. Northblue haifiki mita moja, na Northsky ni fupi zaidi. Vichaka hivi hulala chini ya theluji na ncha zake zote, na ncha ndizo zenye thamani, kwa kuwa tumba za maua ya bluberi hukaa mwishoni mwa vijiti. Kichaka kirefu kilichokufa ncha kitatoa majani mengi mazuri, lakini mwenyewe hatakula kitu.

Hata hivyo jirani yangu alikuwa na tatizo la pili. Sehemu iliyobaki hai ilichipua, lakini majani yalitoka ya manjano. Bluberi hutaka udongo mchachu sana, wenye kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5. Udongo wa mbuga hizi za ngano aghalabu una chokaa, na kipimo chake hupita 7. Katika udongo kama huo madini ya chuma yamo tele, ila bluberi haiwezi kuyanyonya. Hukaa na njaa mbele ya chakula. Mtu huweza kuchimba shimo kubwa, akalijaza mboji ya kinamasi, akatia salfa, lakini kazi hiyo haina mwisho, maana maji ya bomba nayo yana chokaa. Kwa maoni yangu, mwenye bustani ndogo hapa Saskatoon angeziacha bluberi kwa watu wa Minnesota na mashariki mwa Kanada.

Rasiberi ni rahisi zaidi. Ina desturi yake ya pekee: shina huota mwaka huu, huzaa mwaka ujao, kisha hufa, lakini mizizi huendelea kuishi. Maana yake shina lazima livuke majira ya baridi moja likiwa zima. Aina ya Boyne, iliyotolewa mwaka 1960 na kituo cha utafiti cha Morden, katika jimbo jirani la Manitoba, huvuka bila matata, na ni ya zamani lakini bado naipenda. Ziko rasiberi nyingine zinazozaa juu ya shina la mwaka ule ule. Hizo unazikata zote hadi chini, na baridi haikuti kitu cha kuua. Ni werevu mzuri, ila kuna mtego: nyingi huiva kwa kuchelewa. Heritage, aina maarufu ya New York iliyotolewa mwaka 1969, hapa kwetu huanza kuonyesha matunda mekundu jalidi inapobisha hodi. Blakiberi, ambazo ndizo zinazofanana hasa na enkenene nyeusi za kwetu, sizishauri. Mashina yake hufa kabla baridi haijafika hata nyuzi 30 chini ya sifuri.

Stroberi huhitaji maneno machache. Kitovu chake, kilicho usawa wa ardhi, huumia kikipata kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, na bado watu wote wanazo, kwa sababu huzifunika kwa majani makavu ya ngano mwezi wa Oktoba au Novemba, udongo unapoanza kuganda, kisha theluji humalizia kazi.

Na kuna karanti nyeusi. Hizi mnazijua bila kujua kwamba mnazijua: ndizo zinazotengenezewa Ribena tuliyokuwa tukipewa tukiugua. Kichaka chake hakiogopi baridi kabisa. Adui yake ni mwingine, yaani ugonjwa wa kutu ambao huishi nusu ya maisha yake kwenye karanti na nusu kwenye misonobari myeupe na kuiua. Kwa ajili ya kuilinda misonobari, Marekani ilipiga marufuku karanti nyeusi kwa muda mrefu. Sheria ya taifa ilifutwa mwaka 1966, ila baadhi ya majimbo bado yana masharti yake. Huko Ottawa walizalisha aina isiyopata kutu, iitwayo Consort, na hiyo ndiyo ya kutafuta ikiwa jirani yako ana misonobari.

Kichaka cha wenyeji hasa ni saskatuni. Mji wetu umepata jina lake kutokana na kitunda hiki, ambacho Wakrii hukiita misâskwatômina. John Lake alipokuja mwaka 1882 kutafuta mahali pa kujenga, akauita mji kwa jina la beri. Wakrii na mataifa mengine ya mbuga hizi walizikausha, wakazitwanga pamoja na nyama kavu ya nyati na mafuta, wakapata pemikani, chakula cha safari kinachokaa miezi mingi bila kuoza. Saskatuni haijali Januari wala haijali chokaa. Aina za Smoky, Thiessen na Northline hupatikana madukani. Ila ina mahali pake pa kuumia, na mahali hapo ni maua. Huchanua mwezi wa Mei, na jalidi ya Mei ni mwizi anayejua njia. Usiku mmoja wa nyuzi tatu au nne chini ya sifuri, maua yakiwa wazi, hutosha kuyamaliza mavuno ya mwaka, ingawa kichaka chenyewe kitasimama kizima na majani yake yamemeremeta. Kibandiko cha kanda hakina neno juu ya usiku huo.

Kwa ajili ya hayo yote, mtu akiniuliza aanze na mche gani, mimi humtajia haskapu. Ni kichaka cha kimo cha mtu au pungufu, kinachoota chenyewe porini Siberia, Japani ya kaskazini na hapa Kanada. Jina limetoka kwa Waainu wa kisiwa cha Hokkaido. Katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan Dk. Bob Bors alikusanya mbegu na miche kutoka Urusi, Japani na misitu ya Kanada, akazichanganya, na tangu mwaka 2007 chuo kimetoa aina nyingi, kama Tundra, Borealis, Aurora na Boreal Blizzard. Matawi yake yakiwa yamelala hustahimili nyuzi 47 chini ya sifuri. Lakini linalonipendeza zaidi ni hili: maua yake, yakiwa yamefunguka kabisa, hustahimili nyuzi 7 chini ya sifuri. Jalidi ya Mei huja, hukaa, huondoka, nayo hutoa matunda yake mwezi wa Juni na Julai, kabla hata ya stroberi nyingi. Udongo wa chokaa hausumbui.

Tunda lenyewe ni refu kidogo, la buluu iliyokoza, lenye utamu na uchachu pamoja, nalo hutia ulimi rangi kama zambarau. Mnunuzi aangalie mambo mawili. Kwanza, haskapu moja peke yake haizai, au huzaa kidogo mno. Huhitaji chavua ya haskapu ya aina nyingine isiyo ndugu yake wa karibu, tena zichanue wakati mmoja. Aurora huifaa Tundra na Borealis. Boreal Beauty huenda na Boreal Beast, ambazo huchelewa pamoja. Muuza duka asiyejua hili atakuuzia Tundra mbili, nawe utazimwagilia maji miaka mitano bure. Pili, tunda hugeuka buluu wiki mbili au tatu kabla ya kuiva. Watu wengi wamelichuma siku hiyo, wakakunja uso, wakasema haskapu ni mbaya. Lipasue kwanza, ndani liwe jekundu iliyokoza. Ila usingoje sana bila wavu, maana ndege hawaangalii ndani.

Usidhani kwamba haskapu hufaa kila mahali penye baridi. Calgary, magharibi yetu, kuna upepo wa joto uitwao chinuki unaoshuka milimani katikati ya majira ya baridi, na kwa saa chache tu theluji huanza kutiririka. Mti ulioamka siku hiyo hukutwa uchi baridi inaporudi, na haskapu zenye damu ya Siberia ni nyepesi kuamka. Watu wa huko huelekea zaidi kwenye zile zenye damu ya Japani, ambazo hukawia.

Habari hiyo ya kulala na kuamka inanileta kwenye barua ninazopata. Ndugu wengi huniomba nije na miche ya beri hizi nikirudi likizo, ili waipande Kabale, kwa kuwa Kabale nako kuna baridi. Sikatai kwa uchoyo. Kwanza kuna sheria: mche hauvuki mpaka bila kibali na cheti cha afya ya mimea, na sheria hiyo ina maana, kwa sababu ugonjwa husafiri ndani ya mizizi. Lakini hata vibali vikipatikana, miche hiyo haitazaa. Mti uliozoea kulala hauamki vizuri mpaka uwe umepata baridi ya kutosha, kwa kawaida mamia ya saa, au zaidi ya elfu, za baridi ya karibu na sifuri.

Bwana Coville niliyemtaja alilionyesha jambo hili kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote angeweza kuielewa, akaliandika mwaka 1920. Aliweka bluberi ndani ya nyumba ya vioo yenye joto majira yote ya baridi, akapitisha tawi moja nje kwenye tundu la kioo. Majira ya kuchipua yalipofika, tawi la nje, lililopigwa na baridi, lilitoa majani. Matawi ya ndani, yaliyobembelezwa kwa joto, yaliendelea kulala. Shina ni moja, mizizi ni ile ile. Sasa, usiku wa Kabale aghalabu haushuki chini ya nyuzi 10. Kwetu sisi tunaotetemeka hiyo ni baridi. Kwa haskapu ni kama ndani ya nyumba ya Coville.

Ziko bluberi zilizofanywa kwa ajili ya nchi za joto. Chuo Kikuu cha Florida kilianza kuzizalisha katika miaka ya 1950, kwa kuzichanganya na bluberi ya porini ya huko isiyopukutisha majani, na jamii hiyo ndiyo inayolimwa sasa Kenya katika mashamba makubwa ya nyanda za juu. Mwenye fedha za kununua miche hiyo na kutengeneza udongo mchachu anaweza kujaribu. Asiye nazo, kama nilivyokuwa mimi nikiwa shuleni, ana stroberi na ntuntunu, zisizodai baridi ya kuziamsha. Tena anazo enkenene zenyewe. Atembee porini wakati wa kuiva, aonje kichaka baada ya kichaka, akifunge kitambaa kile chenye tunda kubwa na tamu. Mvua zikianza, arudi na jembe, ainamishe ncha ya shina moja na kuifukia udongoni. Ikishatoa mizizi ataikata na kuipeleka nyumbani.